Saa imemwambia mama ataanguka, tangu siku hiyo hatoki nje. Nifanyeje?

BintiNgamiani

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za saa hizi.

Niko Tanga mjini, Ngamiani, naishi na mama yangu mzazi. Ana miaka 76. Mpaka miezi michache iliyopita alikuwa mtu wa kutoka. Alfajiri akishaswali anakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa kumimina, kisha Jumanne na Alhamisi anakwenda darsa la akina mama, barabara mbili kutoka kwetu. Ijumaa anakwenda sokoni mwenyewe kuchagua samaki, maana anasema mimi nikiona jicho la samaki linang'aa kidogo tu natoa hela.

Mwishoni mwa mwaka jana alianguka. Hakuvunjika, alhamdulillahi. Alikuwa anatoka chooni usiku. Sakafu yetu ya uani ni ya niru, ya tangu enzi za marehemu baba, imekwisha kulainika kama sahani, na kandambili zake zilikuwa na maji. Aliangukia ubavu akabaki pale chini mpaka nilipoamka kuangalia mbona taa ya uani bado inawaka. Yeye anasema alikaa kidogo tu. Mimi niliushika mkono wake, ulikuwa wa baridi kama wa mtu aliyetoka kufua, na taarabu iliyokuwa ikipigwa kwa jirani wakati nalala ilikuwa imekwisha zamani.

Kaka yangu mkubwa yuko Leicester. Alivyosikia hakulala. Akamtuma mtu aliyekuwa anakuja nyumbani atuletee saa janja na simu. Saa mama anavaa mkononi, simu anaichomeka kwenye kibindo. Kuna programu inayopima anavyotembea, na kaka anaona matokeo kule kule aliko.

Jumapili moja jioni tumekaa ukumbini, mama anachambua mchele, saa ikatetemeka mkononi na simu ikalia. Maandishi ya Kiingereza. Mama akanipa nisome. Nikachelewa kumjibu, natafuta maneno ya kumwambia, na kabla sijafungua mdomo kaka akapiga kwa video. Akasema: "Mama, mashine imeona. Uko kwenye hatari kubwa ya kuanguka. Kuanzia leo usitoke peke yako, na usiku usiende uani, tumia ndoo chumbani."

Mama alinyamaza. Mkono ukabaki juu ya ungo. Halafu akauliza swali moja tu: "Imesema lini?"

Yaani alidhani saa imejua siku.

Tangu jioni ile haendi darsa. Sokoni ndiyo kabisa. Akitaka kuinuka kwenye kiti anaitazama saa kwanza, kama anaiomba ruhusa. Nimemkuta anatambaa na ukuta ukumbini, mahali ambapo hapana maji wala kizingiti. Nikimpaka mafuta ya nazi usiku nauona msuli wa paja umelegea, hauko kama wa mwezi wa pili. Na juzi imetoa arifa nyingine, kiwango cha uthabiti wa kutembea kimeshuka zaidi. Kaka ananiambia, "Unaona? Nilisema." Mimi moyoni naona saa ndiyo iliyomshusha.

Naomba mwenye ujuzi anieleze. Hiki kitu kinajuaje? Kinaaminika? Na kama ni kweli yuko hatarini, mtu mzima unamwambiaje habari kama hiyo bila kumvunja? Halafu kuna jambo linalonitatiza zaidi: anaivua kila akitawadha, na anatawadhia pale pale uani alipoanguka. Sasa inamlinda wakati gani?

Nimefika mahali nataka kuivua niifungie kabatini. Lakini nikikumbuka ule mkono wa baridi naogopa.

Mzee_wa_Makorora

Pole sana binti. Kwa ushauri wangu mwache apumzike. Amelea, amechoka, sasa ni zamu yenu. Akae kwenye kiti chake, aletewe kila kitu. Bibi yetu tulimfanyia hivyo na hakuanguka tena mpaka Mungu alipomchukua.

Tabibu_Viungo

Dada, pole, na mama mpelekee shikamoo yangu. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niko Moshi, miaka 19 kazini, na sehemu kubwa ya wagonjwa wangu ni wazee waliovunjika nyonga.

Mzee wangu hapo juu naomba nitofautiane nawe kwa heshima, najua umesema kwa huruma. Kumkalisha mzee ndiyo njia ya mkato ya kumwangusha. Msuli usiobeba mwili unayeyuka, na kwa mtu wa miaka 76 wiki chache zinatosha, kuurudisha ni miezi. Siku atakayolazimika kuinuka peke yake, na siku hiyo ipo tu, miguu itakuwa haipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo viko kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani kwetu sisi. Wengi wanadhani ni ajali za mabondeni na juu ya minazi. Mimi ninaowapokea wodini ni watu waliokuwa wanatoka kitandani kwenda chooni.

Sasa kifaa. Dada, vitu hivi vina kazi mbili na watu wanazichanganya.

Kazi ya kwanza ni kutambua kwamba mtu ameshaanguka. Ndani ya saa kuna vihisi vya mwendo. Vinaona mkono umeshuka kwa kasi, ukapiga kishindo, kisha ukatulia. Apple waliiweka kwenye saa zao mwaka 2018: mtu akianguka na akakaa kama dakika moja bila kujisogeza, saa inapiga yenyewe simu ya dharura. Hii inasema baada ya tukio.

Kazi ya pili ni kukadiria kabla. Hii ni changa zaidi. Kwenye iPhone iliingia mwaka 2021, na anayepima ni simu wala si saa, ndiyo sababu inatakiwa ikae karibu na kiuno. Kibindo cha mama ni mahali pazuri kuliko mikoba ya vijana. Simu inasoma mwendo mtu akitembea pahali tambarare: kasi yake, urefu wa hatua, muda ambao miguu yote miwili inakuwa chini kwa pamoja, na kama mguu mmoja unachelewa kuliko mwenzake. Ya kwenu iwe ya kampuni yoyote, mambo yanayotazamwa ni ya jamii hiyo hiyo.

Sasa mwangalie mtu mwenye woga anavyotembea. Anafupisha hatua. Anapunguza mwendo. Miguu yote inang'ang'ania sakafu. Ndiyo yale yale ambayo simu inayahesabu kuwa dalili mbaya. Mama aliambiwa yuko hatarini, akaanza kutembea kwa hofu, simu ikaipima ile hofu ikashusha kiwango, naye akaletewa habari hiyo akaogopa zaidi. Kwa hiyo kaka hajasema uongo kwamba kiwango kimeshuka, na wewe hujakosea kuhisi kwamba saa imechangia.

Halafu neno lenyewe, "hatari". Kwenye iPhone, kwa mfano, kiwango kinazungumzia uwezekano wa kuanguka ndani ya miezi 12 ijayo. Uwezekano, dada. Ni kama kuona wingu zito upande wa baharini: unaanua nguo, unaingiza kuni, unaendelea na kazi zako. Hujifungii ndani mwaka mzima. Mama aliuliza "lini" kwa sababu alipewa wingu bila kamba ya kuanulia. Aliambiwa asifanye hiki, asifanye kile, hakuambiwa hata jambo moja la kufanya. Mtu yeyote angekaa kwenye kiti.

Kwa hiyo mimi ningeanza na vipimo ambavyo yeye mwenyewe anavishika mkononi mwake. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kimo cha kukalia kama sentimita 43, kiegemeze ukutani kisiteleze. Akae, akunje mikono kifuani, kisha kwa sekunde 30 asimame wima na kukaa, ahesabu yeye kwa sauti yake. Mwanamke wa miaka 75 hadi 79 akipata chini ya 10, miguu inadai kazi. Akipumzika, kipimo cha pili: kutoka kwenye kiti hicho ainuke, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi akae. Sekunde 12 au zaidi ni dalili. Wewe simama karibu naye, usimshike ila akiyumba.

Cha tatu ni presha, na hiki wengi wanakiruka. Alale dakika tano, mpime. Asimame, mpime dakika ya kwanza na dakika ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, maana yake akiinuka damu inachelewa kufika kichwani. Ulisema alianguka akitoka chooni usiku, kwa hiyo nakuomba sana usiache hiki. Ukikuta hivyo usimwachishe dawa mwenyewe, andika namba zote upeleke kwa daktari pamoja na pakiti za dawa ZOTE anazomeza, hata za dukani. Dawa za presha, za usingizi, na zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, zote zinaweza kumwangusha mtu. Macho pia yaangaliwe, mtoto wa jicho anaficha kizingiti.

La kumwambia mama. Usimuulize "unaogopa?" maana mtu mzima atakujibu haogopi. Mwaka 1990 daktari mmoja wa Chuo Kikuu cha Yale, Mary Tinetti, na wenzake walitengeneza maswali kumi kwa ajili ya jambo hili hili. Wanamuuliza mzee ana uhakika kiasi gani kwamba ataweza kuoga bila kuanguka, kuinuka kitandani, kuvaa nguo, kuandaa chakula, kwenda kumfungulia mgeni mlango. Moja moja. Utashangaa, mama ana uhakika na nane na hofu yake yote iko kwenye mawili. Hapo ndipo unapoanzia.

Mwana_wa_Majengo

Dada yangu wa Tanga, salamu kutoka Mombasa. Mimi sina utaalamu, nina babangu tu. Ana miaka 81, alikuwa fundi wa majahazi. Tulimletea saa kama hiyo, na kila asubuhi naipata imetundikwa kwenye msumari, pale alipokuwa akitundika msumeno wake.

Kuhusu udhu, huo msumari ulitokana na hapo hapo. Imamu wetu ndiye aliyemfungua. Alimwambia si lazima uivue, ilegeze mkanda, izungushe maji yafike kwenye ngozi chini yake, yatosha. Lakini kwanza hakikisheni saa yenyewe yastahimili maji. Na mkanda muwekee wa mpira. Wa ngozi ukilowa mara tano kwa siku hunuka na kumuwasha, na mzee akiwashwa huvua, na akivua hairudi.

Jambo la pili ni nani apigiwe. Sisi tulimuweka ndugu yangu aliye Muscat awe wa kwanza, kwa sababu yeye ndiye aliyenunua. Ndugu ya mbali atafanya nini jamani? Sasa hivi wa kwanza ni jirani muuza mahamri, ambaye saa kumi za usiku yuko macho akikanda unga, na ufunguo wa mlango wetu anao. Wa pili ni mimi. Kule kwenu hesabu masaa: mama akitawadha saa kumi na moja alfajiri, Uingereza ni saa nane au saa tisa za usiku. Kakako amelala.

Na kwa nini babangu aliikubali hatimaye: hatukumwambia habari ya kuanguka tena. Alijionea mwenyewe hatua zake za siku kwenye kioo, akaanza kuwauliza wazee wenzake barazani wao wametembea ngapi.

Mlezi_Ughaibuni

Nimesoma huku natoka zamu ya usiku, ikabidi nikae kwenye gari nijibu kabla sijaendesha.

Nafanya kazi ya kulea wazee Uingereza, mwaka wa kumi na nne sasa. Huku wengi wanapewa kidude cha kuvaa shingoni chenye kitufe chekundu. Ukianguka unakibonyeza, mtu anakuitikia kwenye spika. Nyumba nyingi ninazoingia nakikuta kimening'inia kwenye kitasa cha mlango, au kimekunjwa vizuri ndani ya droo ya soksi. Bibi mmoja wa miaka 91 nilimkuta sakafuni jikoni, kidude kiko shingoni. Nikamuuliza kwa nini hukubonyeza. Akanijibu hakutaka kumsumbua mtu usiku. Kuna utafiti ulifanyika Cambridge kwa watu wa zaidi ya miaka 90, ulichapishwa mwaka 2008, ulikuta jambo hilo hilo: kengele wanazo wengi, lakini wengi wa waliolala sakafuni kwa muda mrefu hawakuzitumia.

Kwa hiyo dada, swali lako la namna ya kumwambia ndilo lenyewe. Kifaa ambacho mzee anakiona ni askari wa watoto wake hakivaliki. Anachokiona ni chake, anavaa.

Naomba sasa niongee na kaka, kama atapata kusoma hapa. Kaka yangu, nakuelewa kuliko unavyodhani. Mama yangu yuko Songea na mimi niko huku nageuza mama wa wenzangu kitandani. Simu ikiita usiku moyo unasimama. Unanunua kifaa, unataka kila kitu kionekane kwenye kioo chako, kwa sababu kioo ndicho ulichonacho. Lakini ile arifa ilikuwa ya mama. Mwili ni wake. Wewe uliipata sekunde ile ile aliyoipata yeye, ukaisoma kabla yake kwa lugha asiyoijua, ukamrudishia ikiwa amri. Tena ya ndoo chumbani. Mwanamke aliyekulea, anayetaka kuswali akiwa safi. Ningekuwa mimi ni yeye ningeumia kwa hiyo ndoo kuliko kwa hiyo hatari.

Ombi langu: zimeni ile kelele ya mkononi. Arifa za hatari zije kwa dada, mara moja kwa wiki inatosha, naye achague wakati wa kuzungumza, mchana, wakiwa wamekaa wawili. Kengele ya kuanguka iacheni iwake. Na wewe ukipiga simu, muulize mama darsa lilihusu nini.

Tabibu_Viungo

Dada Mlezi umesema yote. Naongeza la mazoezi tu kwa sababu nilisahau. Kuna mpango ulioanzia New Zealand, unaitwa Otago, wa mazoezi ya kuimarisha miguu na ya kuzuia kuyumba ambayo mzee anafanya nyumbani kwake, halafu anatembea. Majaribio yao yakijumlishwa, kuanguka kulipungua kwa takriban asilimia 35. Hakuna mashine ndani yake. Kuinuka kwenye kiti, kunyanyua visigino huku umeshika meza, kutembea kisigino kikifuata vidole. Kwa hiyo kile kipimo cha kiti nilichokupa ndiyo dawa pia: afanye kila siku.

BintiNgamiani

Wakuu, narudi baada ya wiki sita. Nisameheni kimya, nilitaka nije na kitu cha kusema.

Nilianza na kaka. Nilimtumia ukurasa huu mzima. Hakunijibu siku mbili. Siku ya tatu akapiga, sauti imebadilika, akasema, "Hiyo ya ndoo nilikosea." Akanipa nywila, tukazima arifa za mkononi. Kengele ya kuanguka imebaki, na wa kwanza kupigiwa ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mama wa makamo mwenye nguvu zake, kisha mimi nikiwa kazini, kisha kaka.

Halafu nikakaa na mama. Nilichagua saa nne asubuhi, yuko kwenye mkeka, jua limeingia mlangoni. Nilikuwa nimejipanga kwa maneno mengi, yakanikimbia yote. Nikamwambia, "Mama, ile saa haijui kesho. Mungu peke yake. Inachojua ni kwamba hatua zako za mwezi huu zimekuwa fupi kuliko za mwanzo."

Akanitazama. "Basi hilo si nalijua?" akasema. "Goti la kulia linanichelewesha tangu mfungo. Nikiinuka kwenye sijida linagoma. Mbona hamkuniuliza?"

Wakuu, tangu mfungo! Sisi tunasubiri simu ituambie, na mwenye goti yuko ukumbini anachambua mchele.

Nikamuuliza yale maswali ya uhakika, moja moja kama Tabibu alivyosema. Kuoga, ana uhakika. Kupika, akacheka, akaniuliza nani basi anapika humu ndani. Kitandani, mlangoni, nguo, hana wasiwasi. Akasita mahali pawili tu: uani penye maji, na kuinuka kutoka chini. Barabarani hakusita. Hofu ya barabara tulimpa sisi.

Kwenye kiti siku ya kwanza alipata 6, ya saba akakaa kwa kishindo. Zile mita tatu, sekunde 17. Presha nilimpimisha zahanati kwa kuwaomba, maana walitaka kumpima akiwa amekaa tu kama kawaida. Akiwa amelala namba ya juu ilikuwa 148, aliposimama dakika ya kwanza 122. Nilipeleka karatasi na mfuko wa dawa kwa daktari. Ndani ya mfuko kulikuwa na vidonge vya mzio ambavyo mama anameza kila usiku "kwa ajili ya mafua", mimi sikuwa na habari navyo. Daktari aliviondoa hivyo, na kimoja cha presha akakipunguza. Sasa hivi akiamka usiku anakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, anasoma Kulhuwallahu mara tatu, ndipo anasimama. Hilo la Kulhuwallahu amelitunga mwenyewe, na muda wake unatosha kabisa.

Uani fundi alikuja akaichana ile niru kwa patasi, mistari mistari, akapiga saruji ya mchanga mkavu juu yake. Imekuwa mbaya kuitazama, lakini inashika mguu. Akafunga bomba la chuma ukutani kutoka karo mpaka mlango wa choo. Mama aliamua lipite kimo gani, alisimama akalishika kabla halijachomelewa. Kandambili nimezitupa, anavaa viatu vya mpira vyenye kamba nyuma.

Udhu anafanya na saa mkononi. Alimuuliza ustadhi wa darsa naye akamjibu kama alivyojibiwa mzee wa Mombasa.

Alhamisi ya wiki ya pili alitoka kwenda darsa. Hakutaka nimshike mkono. Nikamfuata kwa mbali, nyuma yake kama nyumba nne, na mkongojo wa marehemu baba ambao yeye aliukataa nimeubeba mimi. Pale kwenye mtaro wenye ubao alisimama. Nikataka kukimbia. Akakunja dera kidogo kwa mkono wa kushoto, akautazama ubao, akatanguliza mguu wa kushoto, ule mzima, kisha akavuta wa kulia. Akavuka. Hakugeuka nyuma, lakini najua alijua nipo.

Kiwango kwenye simu hakijapanda, nisiwadanganye. Bado kinaandika kile kile. Nilimwambia Jumapili, kwa sababu tumekubaliana nimwambie kila Jumapili, liwe zuri au baya. Akasema, "Ipe muda, na yenyewe inajifunza."

Leo asubuhi kwenye kiti amepata 9. Amenituma niulize, na nimeandika mbele yake: je, akifika 10 aongeze, au abaki hapo hapo asije akaliudhi goti?

Tabibu_Viungo

Mwambie mama amenifurahisha leo kuliko wagonjwa wangu wote. Aongeze moja tu kwa wiki, na goti likiuma mpaka siku ya pili yake arudi nyuma moja. Hilo goti lakini lionwe hospitalini mwezi huu, msisubiri. Na akishazoea 10 bila kushika kitu, aanze kusimama kando ya lile bomba la uani, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, sekunde 10, mkono uwe karibu na bomba bila kulishika. Akishindwa siku za mwanzo ni kawaida. Aanze kwa kulishika kwa kidole kimoja.